Kumtayarishia Mtoto Mchanga Mahali Pake kwa Fedha Kidogo

Mtu akipata habari kwamba mgeni atafika nyumbani kwake baada ya miezi michache, huanza kutengeneza mahali pa kumlaza. Huziba paa linalovuja, hufagia pembeni, na kama hana kitanda huazima kwa jirani. Mtoto anayezaliwa ni mgeni wa namna hiyo, ila yeye amekuja kukaa, na tena hawezi kusema kwamba mahali alipolazwa hapafai. Moshi ukimwumiza, mbu wakimwuma, au blanketi likimziba pua, hana la kufanya ila kulia; na wakati mwingine hata kulia hawezi.

Kwa sababu hiyo yafaa wazazi waanze matayarisho mapema. Lakini watu wengi, hasa wa mijini, hudhani kwamba kumtayarishia mtoto mahali ni lazima kuwa na chumba cha peke yake, chenye kuta za rangi, mapazia ya maua na kitanda cha dukani. Asiye na fedha za mambo hayo hukata tamaa, asitengeneze lo lote. Mwenye fedha kidogo huzimaliza kwa mapambo, na siku mtoto anapozaliwa nyumba haina chandarua. Wote wawili wamekosea. Mahali pema pa mtoto ni pale panapolinda uhai wake kwanza, kisha pakapendeza macho. Na vitu vingi vinavyolinda uhai wake si vya gharama kubwa.

PEMBE MOJA YATOSHA

Mtoto mchanga hahitaji chumba chake mwenyewe. Madaktari wa watoto washauri kwamba alale katika chumba cha wazazi wake, karibu na kitanda chao, lakini juu ya malazi yake mwenyewe, kwa muda wa miezi 6 ya kwanza angalau. Akiwa karibu, mama husikia upesi akibanwa na pumzi au akilia, na kumnyonyesha usiku si kazi kubwa. Basi jamaa wanaoishi katika chumba kimoja mjini hawana sababu ya kuona haya. Wanalo tayari jambo ambalo madaktari hulitaka.

Linalotakiwa ni kuchagua pembe inayofaa. Isiwe karibu na jiko, wala mahali upepo wa mlangoni unapopita. Isiwe chini ya rafu yenye sufuria au masanduku, kwa maana kitu kizito kikianguka hakichagui. Kamba za pazia na nyaya za umeme ziwe mbali, mtoto asije akazivuta au zikamzinga shingoni. Katika nyumba ya kijijini pembe hiyo iwe mbali na mafiga, tena mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki.

FEDHA ZITUMIKE KWA UTARATIBU

Haba na haba hujaza kibaba. Mimba huchukua majuma 40 hivi, na wazazi wengi huijua mapema. Wakiweka akiba ya shilingi 150 kila juma kwa muda wa majuma 20, watakuwa na shilingi 3,000. Akina mama walio katika chama cha kuchangiana waweza kuomba zamu yao iangukie miezi ya mwisho ya mimba. Jambo kubwa si wingi wa fedha, bali ni utaratibu wa kuzitumia. Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Chandarua, mahali ambapo kuna mbu wa malaria.
2. Malazi ya mtoto: kitanda, kasha au kikapu, pamoja na godoro lililo gumu.
3. Nepi na nguo chache.
4. Beseni, sabuni, na ndoo yenye kifuniko.
5. Mapambo, kama kuna kitu kilichobaki.

Mzazi asiruke namba. Mtu aliyenunua pazia kabla ya chandarua ni kama mkulima aliyenunua gunia kabla ya mbegu.

MALAZI YA MTOTO

Mtoto mchanga alale chali, usiku na mchana. Zamani watu wengi, hata wauguzi wa Ulaya, waliwalaza watoto kifudifudi wakidhani kwamba ndivyo vizuri. Huko Uingereza wazazi walianza kufundishwa mwaka 1991 kuwalaza watoto chali, na katika miaka michache vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Jambo hilo halikumgharimu mzazi hata senti moja.

Godoro liwe gumu na la kulingana, lisilobonyea mtoto anapolazwa. Godoro la sufi lililojaa sana hupendeza kwa mkono, lakini uso wa mtoto huzama ndani yake. Sponji ngumu iliyokatwa kwa kipimo na kuvikwa kitambaa safi cha pamba yafaa zaidi. Mito, mablanketi mazito na wanasesere wasiwemo kitandani. Shuka nyepesi yatosha. Ifike kifuani tu, na pande zake zikunjwe chini ya godoro. Miguu ya mtoto iguse mwisho wa kitanda, ili asiteleze akajifunika kichwa.

Kitanda chenyewe si lazima kiwe cha thamani. Katika nchi ya Ufini, kuanzia mwaka 1938, serikali iliwapa akina mama wasio na uwezo kasha lenye vitu vya mtoto. Na watoto wengi walilala usingizi wao wa kwanza ndani ya kasha hilo. Mwaka 1949 msaada huo ulienezwa kwa akina mama wote, tajiri kwa maskini, mradi mama awe amekwenda kupimwa kabla ya mwisho wa mwezi wa 4 wa mimba. Wazazi wa Kenya waweza kujifunza mambo mawili hapo. La kwanza, mtoto aliyelala katika kasha safi hakupungukiwa na heshima. La pili, kasha lilikwenda pamoja na kliniki. Mama asiyepimwa hawezi kusema kwamba amemtayarishia mtoto wake, hata akiwa na kitanda cha fedha.

Kasha la mbao au kikapu kipana kilichosukwa imara chafaa kwa miezi ya kwanza. Kiwekwe chini, juu ya mkeka au jukwaa fupi lisiloyumba. Kisiwekwe juu ya meza wala kutundikwa. Kasha lililowahi kubeba dawa za kunyunyizia mimea lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara kumi. Mtoto anapoanza kujigeuza, wakati wa kasha umekwisha. Hapo yampasa alale katika kitanda chenye vizuizi.

Fundi seremala wa kijijini aweza kukitengeneza kwa mbao za saiprasi. Mzazi ampe masharti matatu. Nafasi baina ya fito za ubavuni isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikakwama. Kipimo chepesi ni kukata kibao chenye upana wa sentimita 6 na nukta chache, na kikipita baina ya fito, kazi irudiwe. Godoro lijae kitanda, nafasi iliyobaki ubavuni isiingie vidole zaidi ya viwili. Mbao zote zipigwe randa na msasa, na misumari isitokeze ncha.

Akina mama wengi hulala na watoto wao kitanda kimoja, na kwa wengine hakuna njia nyingine. Hata hivyo wajue hatari yake: mtoto aweza kulaliwa au kufunikwa. Hatari hiyo huzidi sana ikiwa mmoja wa wazazi amekunywa pombe au anavuta sigara, au ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Kasha safi kando ya kitanda cha mama huondoa hatari hiyo kwa gharama ndogo.

MOTO, MOSHI NA BARIDI

Katika nchi za baridi kama Limuru, Kinangop na Molo, wazazi huogopa mtoto asipatwe na ubaridi, na jioni huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Jambo hili limeua jamaa nzima usingizini. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta asijue, akalala asiamke. Jiko halina moshi, lakini sumu imo. Basi jiko la makaa lisilale chumbani, si kwa mtoto wala kwa mtu mzima, hata usiku mmoja.

Moto wa kuni nao una madhara yake. Moshi unaojaa nyumbani kila siku huumiza mapafu ya mtoto na kumtia katika hatari ya kichomi. Kama jiko ni nje au katika nyumba ya kupikia, mtoto asipelekwe huko wakati wa kupika. Kama nyumba ni moja tu, dirisha lifunguliwe, na mtoto awe upande ambao moshi hauelekei. Anayevuta tumbaku akavute nje, mbali na mlango.

Joto la mtoto litoke wapi basi? Litoke kwa nguo na kwa mwili wa mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, katika nchi ya Kolombia, hospitali ilikuwa na upungufu wa mashine za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafundisha akina mama kuwabeba watoto hao kifuani, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa nguo pamoja. Njia hiyo iliwafaa watoto, ikaenea katika nchi nyingi, na leo hutumiwa pia katika hospitali za Kenya. Mama wa Kiafrika aliyezoea kumbeba mtoto mwilini hana haja ya kushangaa.

Mtoto avikwe nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, kuliko blanketi moja zito. Ili kujua kama joto lamtosha, mama aguse kifua au kisogo chake, si mikono. Kikiwa baridi, aongezewe nguo. Kikiwa na jasho, apunguziwe. Katika nchi za joto kama Mombasa, Lamu na Kisumu, shati la pamba na nepi mara nyingi vyatosha.

CHANDARUA

Mbu aenezaye malaria huuma hasa usiku, wakati mtoto amelala. Katika Kilifi, uchunguzi uliofanywa baina ya mwaka 1993 na 1995 ulionyesha kwamba mahali ambapo watu walipewa vyandarua vilivyotiwa dawa, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Hakuna pambo la chumba liwezalo kufanya kazi kama hiyo.

Mama mja mzito aulize kliniki. Katika sehemu zenye malaria, vyandarua vimekuwa vikigawiwa kwa waja wazito na watoto wachanga. Chandarua kipya kitandazwe kivulini siku nzima kabla ya kutumiwa. Kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini, kwa maana jua kali huharibu dawa. Kila jioni pande zake zikunjwe chini ya godoro, na tundu lo lote lishonwe siku hiyo hiyo. Koroboi na mishumaa ikae mbali, kwa kuwa chandarua hushika moto upesi.

SAKAFU NA KUTA

Sakafu ya udongo yaweza kuwa safi kama ya saruji, ikiwa mwenye nyumba ana bidii. Inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, vumbi lisiruke, na funza wasipate mahali pa kuzaa. Nyufa zisiribwe. Wale wanaosiriba kwa samadi ya ng'ombe wakumbuke kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa ndani ya samadi na udongo, na njia yao kubwa ya kumwingia mtoto mchanga ni kitovu. Kwa hiyo mtoto asilazwe sakafuni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika, na kitovu kisipakwe cho chote ila dawa iliyotolewa na mkunga au muuguzi. Hali kadhalika mama asikose sindano za pepopunda anapokuwa mja mzito.

Kuta zipakwe chokaa, ambayo ni rahisi na huongeza mwanga chumbani. Lakini chokaa mbichi huunguza ngozi na macho; kazi hiyo ifanywe mapema, ukuta ukauke kabisa kabla mtoto hajaingia. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto akila vipande vilivyobambuka au akivuta vumbi lake. Basi kitanda au dirisha lenye rangi kuukuu inayobambuka lisikwanguliwe na mama mja mzito, na anayenunua rangi mpya aulize ile isiyo na risasi. Karatasi za magazeti zilizobandikwa ukutani kwa uji wa unga zaweza kupendeza, lakini kunguni na mende hufanya makao nyuma yake. Afadhali ukuta mtupu ulio safi.

NEPI NA NGUO

Shuka kuukuu la pamba au leso iliyolainika kwa kufuliwa hutoa nepi nyingi nzuri, kwani kitambaa kilichozeeka hunyonya maji vizuri wala hakikwaruzi ngozi. Mtoto mmoja anayefuliwa kila siku aweza kutosheka na nepi 18 au 20. Anayejua kushona apinde ncha zake. Asiyejua, ajifunze kwa mwenziwe. Tangu chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, akina mama wengi wa Kenya wamejifunza ushonaji na malezi katika madarasa yake, na ujuzi huo haujapitwa na wakati.

Nepi chafu zikae katika ndoo yenye kifuniko, zifuliwe kwa sabuni, zichemshwe na kuanikwa juani kwenye kamba, si juu ya nyasi. Kisha zipigwe pasi pande zote mbili, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai juu ya nguo yenye unyevu, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtoto. Pasi ya makaa huyaua mayai hayo sawasawa na pasi ya umeme. Ila itumiwe nje.

MAPAMBO

Sasa mapambo. Hapana ubaya mzazi akitaka kupendezesha pembe ya mtoto wake. Ni dalili ya furaha. Lakini ajue kwamba mtoto mchanga huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, nao ndio umbali ulioko baina ya uso wake na uso wa mama anapomnyonyesha. Picha ya ukuta wa pili haimfikii. Pambo la kwanza la mtoto ni uso wa mamaye, na la pili ni uso wa babaye, kama atamshika.

Baada ya hapo kuna mapambo yasiyo ya gharama. Leso ya rangi yafaa kuwa pazia. Kiondo kilichotundikwa kwenye kigingi, mbali na kitanda, huhifadhi nguo na kupamba ukuta pamoja. Katika sehemu za magharibi ya Kenya akina mama wana desturi ya kuchora kuta kwa udongo wa rangi mbalimbali. Ustadi huo hauhitaji duka. Mtoto hupenda kutazama vitu vyenye rangi zinazoachana wazi, kama nyeusi na nyeupe, basi mistari michache ya namna hiyo iliyochorwa kando ya malazi yake humchangamsha.

Cho chote kisifungwe juu ya kitanda mahali mtoto awezapo kukifikia. Shanga, vifungo na mbegu huziba koo. Kamba na hirizi za shingoni huweza kumnyonga usingizini. Kanuni ni nyepesi: kitu ambacho mtoto akikivuta chaweza kumwangukia, kumzinga au kumezwa, hakina nafasi karibu naye.

MASWALI YA KUJIULIZA

Mwezi mmoja kabla ya siku ya kujifungua, baba na mama wasimame pamoja mbele ya pembe waliyoitengeneza, wajiulize maswali haya:

1. Je, mtoto atalala chali juu ya godoro gumu, pasipo mto wala kitu cha kumziba pua?
2. Je, chandarua kimetundikwa, tena hakina tundu?
3. Je, jiko la makaa litakaa wapi usiku wa baridi?
4. Je, kuna kitu cho chote juu yake kiwezacho kuanguka, au kamba iwezayo kumzinga?
5. Je, nepi, beseni na sabuni viko tayari, na nauli ya kwenda hospitali imewekwa kando?

Wakiweza kujibu maswali hayo matano vizuri, basi pembe yao iko tayari, ingawa haina pazia wala rangi. Wakishindwa hata na moja, fedha zilizobaki ziende huko kwanza. Mtoto hatakumbuka kamwe jinsi chumba chake kilivyopambwa. Lakini akikua na afya, nyumba nzima itakuwa imepambika.